KUJIFUNZA MAFUNZO YA WATOTO WADOGO KWA WENZETU WA NCHI NYINGINE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ubaruku)



Jambo tulilopewa huenda baadhi yenu mkaliona si la watumishi wa ofisini, bali ni la akina mama na la mwalimu wa darasa la awali: yaani mafunzo ya watoto wenye umri wa miaka mitatu hata sita, na njia tuwezayo kuyajua zaidi kwa kuandikiana na kuzuriana na watu wa nchi nyingine. Lakini tukumbuke ya kuwa karani, bwana shamba, mganga na hakimu watakaokaa katika viti vyetu baada ya miaka 30 wamo sasa hivi katika umri huo, wanachezea tope kandokando ya majaruba. Tusipowatazama leo hatutakuwa na haki ya kuwalaumu kesho.

Kwanza twapenda kusema hali yetu ilivyo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliagiza kila mtoto apate mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya kuingia darasa la kwanza, na tangu Januari 2016 ada iliondolewa. Hilo ni jambo jema, nasi twalishukuru. Watoto wakaja kwa wingi. Kanuni yasema mwalimu mmoja wa awali afundishe watoto 25. Lakini katika shule nyingi za Serikali nchini idadi hiyo imepitwa mara mbili au mara tatu, na kazi ya mwalimu imekuwa kuzuia kelele kuliko kufundisha.

Hapa kwetu pana jambo la pili ambalo halikuandikwa katika sera yoyote. Kila mwenyeji wa Usangu aijua kalenda ya mpunga. Shule hufunguliwa Januari. Na Januari ndipo watu wanapopandikiza. Mama huamka alfajiri, humfunga mtoto mchanga mgongoni, humshika mkono yule wa miaka minne, naye dada wa miaka tisa huachishwa shule siku hizo ili awatunze wadogo zake kandokando ya mfereji. Hivyo watoto wawili hukosa masomo kwa sababu ya kazi moja. Na ule mfereji, mabwana, ni hatari ambayo hatuna haja ya kuieleza. Baadaye mpunga ukianza kuiva huja siku za kuamia ndege, na darasa hupungua tena. Basi swali letu si kama watoto wafundishwe. Swali ni hili: watafundishwaje mahali ambapo mashamba na shule huwagombea katika mwezi ule ule?

Mtu aweza kusema, ‘Ya nini kuwauliza watu wa mbali? Wao hawaijui Ubaruku.’ Twajibu kwamba mji huu wenyewe umekuzwa na mambo yaliyotoka mbali. Wabaluchi waliofika Usangu enzi za ukoloni walikuwa miongoni mwa waliotangulia kulima mpunga wa kumwagilia katika bonde hili. Katika miaka ya 1970 Wachina walisaidia kulijenga shamba kubwa la Mbarali, pamoja na mifereji yake. Nasi hatukuwa Wabaluchi wala Wachina kwa ajili hiyo. Tuliitazama kazi yao, tukachukua iliyotufaa, tukaifanya kwa majembe yetu na kwa desturi zetu za kugawana maji. Tukiwa tumejifunza mpunga hivyo, hatuoni sababu ya kutojifunza malezi kwa njia iyo hiyo.

Na wale wanaohesabiwa kuwa waalimu wa dunia katika jambo hili, wao pia walijifunza kwa wengine. Mwaka 1837 Mjerumani mmoja, Friedrich Froebel, alifungua mahali pa kuwafundisha watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na baadaye akapaita kwa neno la Kijerumani lenye maana ya ‘bustani ya watoto’. Mwaka 1907 daktari wa Kiitalia, Bibi Maria Montessori, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Aliona ya kuwa mtoto akipewa kazi ya mikono inayolingana na nguvu zake, hutulia na kujifunza mwenyewe. Vitabu vyake vilisafiri kuliko yeye.

Mmoja aliyevipata alikuwa Bwana Gijubhai Badheka wa Bara Hindi. Yatupendeza kuwajulisha kwamba bwana huyu alikuja Afrika ya Mashariki mwaka ule ule wa 1907 kutafuta kazi, kama walivyofanya Wahindi wengi wa wakati huo. Aliporudi kwao akasoma sheria, akawa wakili. Hakuwa mwalimu kwa kazi yake. Lakini alipopata mtoto alianza kutafuta namna ya kumlea, akasoma habari za Bibi Montessori, na mwaka 1920 akashiriki kuanzisha shule ya watoto wadogo mjini Bhavnagar. Hakuiga kila kitu. Alitunga hadithi kwa Kigujarati, lugha ya watoto wake, akaingiza nyimbo na michezo ya kwao.

Mwanafunzi wake katika kazi hiyo, Bibi Tarabai Modak, alikwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 1945 alifanya kazi katika kijiji cha Bordi, mwambao wa kaskazini ya Bombay. Aliona watoto wa maskini hawaji shuleni. Wengine wangalikata tamaa, au wangaliwalaumu wazazi. Yeye alichukua masomo akayapeleka uani kwa watu, katikati ya nyumba zao. Baadaye, katika vilima vya Kosbad wanakokaa Wawarli, yeye na mwenzake Bibi Anutai Wagh waliwafuata hata watoto wachungaji huko malishoni. Mafunzo yale ya uani yalipata jina la anganwadi, neno linalotokana na ua wa nyumba. Na mwaka 1975 Serikali ya Bara Hindi ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa watoto wadogo, ililitumia jina hilo kwa vituo vyake vyote.

Mfano mwingine wa nchi hiyo watugusa zaidi. Mwaka 1969, mjini Delhi, Bibi Meera Mahadevan aliona watoto wachanga wamelazwa vumbini mahali pa ujenzi, mama zao wakichukua matofali na zege kichwani. Hapo akaanzisha kituo cha kuwatunza pale pale kazini, katika hema. Vituo hivyo vilihama pamoja na ujenzi: jengo likiisha, kituo hufuata wafanya kazi waendako. Twawaomba mfikiri, mabwana na mabibi: matofali ya Delhi na miche ya mpunga ya Ubaruku vyatofautianaje machoni pa mtoto aliyeachwa kando?

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimwomba Mtukufu Aga Khan msaada, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika shule za Serikali. Wazazi walikuwa na hofu ya haki: waliona shule za chekechea zilizokuwapo ni za gharama, na zaweza kumtenga mtoto na dini na desturi za kwao. Kazi ile akakabidhiwa mwalimu mmoja wa huko, Bi. Swafiya Said. Hakuanza kwa kujenga. Alianza kwa kukaa na watu na kuwasikiliza, na ilikuwa mwaka 1986 ndipo shule ya kwanza ilipofunguliwa. Ilikuwa ndani ya madrasa, mahali ambapo wazazi walikuwa wakipaamini tangu zamani.

Namna walivyofanya yafaa ielezwe taratibu. Wenyeji wenyewe huchagua kamati, na kamati huchagua wanawake wa mtaa ule ule wawe waalimu. Wengi wao hawakuwa na masomo makubwa. Hao hufundishwa kwa muda mrefu, huku wakifanya kazi, na mkufunzi huja darasani mara kwa mara kuwatazama na kuwaongoza. Vifaa hutengenezwa kwa vitu vya jirani: makombe ya pwani, vifuu, mbegu, vibuyu, vifuniko vya chupa. Watoto huhesabu, hupanga, huimba, husimulia, na dini yao hufundishwa humo humo kwa Kiswahili chao.

Lakini msidhani mambo yote yalitoka Mombasa. Utaratibu wa darasa ulichukuliwa kwa sehemu kubwa katika kazi ya Wamarekani wa mji mdogo wa Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, kisha ukageuzwa ulingane na pwani. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mtoto kwanza husema atakalo kufanya, kisha hulifanya, mwisho huwaeleza wenzake alilolifanya. Kupanga, kutenda, kueleza. Sisi watumishi twajua ya kuwa mambo haya matatu ndiyo kazi yote ya ofisi, na kuna watu wazima wasioyaweza.

Huko Ypsilanti, kati ya mwaka 1962 na 1967, bwana mmoja aitwaye David Weikart na wenzake walifanya jaribio. Walichukua watoto 123 wa Wamarekani weusi, wa nyumba za kimaskini. Watoto 58 walifundishwa katika darasa la awali, na mwalimu aliwatembelea mama zao nyumbani kila juma. 65 waliobaki hawakufundishwa hivyo. Kisha wote walifuatwa hata wakatimiza miaka 40. Katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, 77 walimaliza masomo ya sekondari; katika kundi la pili, 60. Wale wa kwanza walikuwa na kazi kwa wingi zaidi, na waliotiwa mbaroni mara nyingi walikuwa wachache zaidi. Ni kweli watoto wale walikuwa wachache, na ni wa mji mmoja. Hatusemi ya kwamba hesabu ile itatokea vivyo hivyo Ubaruku. Twasema tu kwamba faida ya miaka miwili ya utotoni ilionekana hata katika utu uzima.

Kutoka Mombasa kazi ya madrasa ilivuka kwenda Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993, mpaka shule za namna hiyo zikapita 200 katika nchi tatu. Nayo haikuachwa bila kupimwa. Bwana Peter Mwaura wa Kenya, pamoja na Bibi Kathy Sylva wa Oxford na mwenzao mwingine, walitangaza mwaka 2008 matokeo ya uchunguzi wao katika nchi hizo. Waliona ya kuwa watoto waliopita katika shule za awali waliendelea kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa shule za madrasa waliwapita wa shule nyingine za awali.

Zanzibar nako kulitokea jambo jingine lililozaliwa kwa mapatano na wageni. Katika miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ya huko, ikisaidiwa na shirika la Kimarekani, ilitengeneza masomo ya redio yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Mahali pasipo shule watoto walikusanyika mbele ya redio pamoja na mtu mzima wa kijijini. Sauti ikasema, nao wakaimba, wakaruka, wakahesabu. Na huko Kenya, tangu kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo kilipoanzishwa Nairobi mwaka 1984, waalimu walihimizwa kukusanya hadithi, nyimbo na vitendawili vya wazee wa kila upande, ili mtoto aanze kusoma kwa maneno aliyoyanyonya kwa mama yake. Hapa Ubaruku, ambapo Wasangu, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na Wasukuma wakaa pamoja, watoto wengine huingia darasani Kiswahili chao kikiwa kichanga bado. Somo hili la Kenya latufaa sana.

Tukiyaweka mambo haya yote pamoja twaona jambo moja. Kila aliyefaulu alichukua kwa mwenzake njia ya kumtazama mtoto, akaacha nguo ya mwenzake. Badheka hakununua vifaa vya Roma vyote, Bi. Swafiya hakujenga Ypsilanti katika Mombasa. Hapa ndipo tuna hofu juu ya Chama chetu. Twasikia baadhi ya wanachama wakisema akiba yetu inunue vinyago vya plastiki vya rangi rangi, meza ndogo za dukani, na kumlipa mtu afundishe Kiingereza watoto wa miaka minne, kwa kuwa ndivyo waonavyo katika picha za shule za mijini. Twawaheshimu ndugu hao, na nia yao ni njema. Lakini picha haionyeshi mwalimu alisema nini na mtoto, wala haionyeshi mama yake alikuwa wapi saa hiyo. Twaweza kununua yote yale, na mwezi wa Januari mtoto akawa bado yuko kando ya mfereji.

Kwa hiyo twaleta mashauri haya manne, tukiomba yajadiliwe.

La kwanza: Chama kichague watu wawili wa kuandika barua. Miongoni mwetu wapo waliosoma na watu wa Mombasa, wenye ndugu Unguja, waliofanya kazi mpakani na Zambia, na wenye jamaa Uarabuni. Kila mmoja na atupatie anwani ya mwalimu wa watoto wadogo, si ya mkubwa wa ofisi. Na barua zetu zisiombe fedha. Ziulize maswali manne tu. Mlipoanza mlikuwa na nini mkononi? Mwalimu alichaguliwa na nani, na alilipwaje? Watoto hufanya nini tangu asubuhi hata adhuhuri, saa kwa saa? Na jambo gani mlilijaribu likashindikana? Swali la mwisho lina faida kuliko yote, maana katika vitabu halijibiwi mara nyingi. Wahenga walisema, Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La pili: barua zetu zisiwe za kupokea tu. Watoto wa Usangu hufinyanga ng’ombe wa udongo wenye pembe, nundu na hata alama za mwenyewe. Huhesabu kwa magunzi. Hucheza ukuti na kombolela. Tuyaandike haya tuwapelekee wenzetu. Anayeuliza bila kuwa na la kutoa huchosha rafiki upesi.

La tatu: kwa siku za kupandikiza tu, tujaribu banda moja la nyasi kando ya mashamba, mbali na mfereji, likiwa na uzio. Akina mama wa upande huo wachague wawili miongoni mwao wanaoaminiwa; na wale wengine wawapandikizie wawili hao sehemu ya majaruba yao kuwa malipo, kama ilivyo desturi yetu ya kusaidiana shambani. Mwalimu wa awali aombwe kuwafundisha kwa siku chache kabla ya msimu. Pawepo maji safi ya kunywa, uji, udongo wa kufinyanga na hadithi. Banda hili lisishindane na darasa la Serikali, wala lisiwe sababu ya mzazi kutoandikisha mtoto. Bali liwapokee wale wadogo zaidi, ili yule dada wa miaka tisa arudi shuleni kwake. Mwalimu Mkuu na kamati ya shule waelezwe kwanza, na idhini yao ipatikane kwa maandishi.

La nne: tuweke daftari. Tuandike watoto wangapi walikuja kila siku, dada wangapi walirudi darasani, na nini kilichoharibika. Hii ni kazi tunayoijua sisi makarani kuliko watu wote. Desemba 2021 Serikali ilizindua Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya kuanzia 2021/22 hata 2025/26. Mipango kama hiyo hutengenezwa na wakubwa kwa habari wanazoletewa kutoka chini. Daftari moja la kweli kutoka Ubaruku laweza kusema yale ambayo hotuba kumi kama hii haziwezi.

Gharama ya mashauri haya si kubwa. Ni stempu, nyasi, kamba, sufuria ya uji na muda wetu wa jioni. Ikiwa banda litashindwa tutakuwa tumepoteza msimu mmoja, na tutakuwa na jibu la kuwaandikia wenzetu watakapotuuliza lile swali la nne. Likifaulu, akiba ya Chama itakuwa ipo bado, nasi tutajua vema ya kuitumia.

Mabibi na mabwana, miche ya mwaka huu itahamishwa kitaluni Januari, tuwe tayari au tusiwe. Twaomba Mwenyekiti aliweke shauri la banda mbele ya mkutano huu kabla hatujaondoka, na majina ya waandishi wawili wa barua yaandikwe leo.